Mwambie Fundi Kila Ulichogusa

Nilipoombwa kuandika kitu cha kuwasaidia wanaokuja kusoma ughaibuni, nilifikiria kodi za vyumba, vibali na mambo ya chakula. Lakini hayo wengi wameshayaandika vizuri kuliko mimi. Kwa hiyo mimi nitaeleza kisa cha klachi ya baiskeli. Msicheke. Ile klachi ndiyo iliyonifundisha jambo ambalo miaka minne ya darasani haikunifundisha, na nusura initoe chuoni.

Ilikuwa mwaka 2007. Nilikuwa mwaka wa pili wa uhandisi wa mitambo, Howard College. Wanaoifahamu Durban wanajua kwamba chuo kile kimekaa juu kabisa ya mgongo wa kilima cha Berea, ukisimama pale unaiona bandari yote chini yako. Mimi nilipanga chumba cha uani kule Umbilo, kwa sababu huko kodi ilikuwa nafuu. Kila asubuhi ni kupanda, kila jioni ni kushuka. Miguu ilikomaa kweli kweli.

Mwezi wa tatu mama yangu alinitumia hela ya bima ya afya. Mama ana genge pale Ngamiani, Tanga: nyanya, vitunguu, nazi, dagaa. Kwa mwanafunzi wa kigeni Afrika Kusini bima si jambo la hiari. Bila bima hupewi kibali cha kusoma, na kibali changu kilikuwa kinaisha mwisho wa mwezi wa nane. Hela ile mama aliikusanya kidogo kidogo, naweza kusema nyanya moja moja.

Sasa bwana, wiki hiyo hiyo kuna mshikaji aliyekuwa anamaliza masomo na kurudi kwao. Alikuwa na baiskeli iliyofungwa injini ndogo ya Kichina, cc 48, ya petroli iliyochanganywa na oili. Alitaka randi 1,800. Na mimi nilikuwa nimeshaahidiwa kazi ya jioni kwenye kimgahawa kimoja, kupeleka bunny chow majumbani. Kwa wasioijua, bunny chow ni mkate uliotobolewa katikati ukajazwa mchuzi, chakula cha Durban hasa. Kibali kiliruhusu kufanya kazi saa zisizozidi 20 kwa wiki. Masharti ya kazi yalikuwa mawili tu: uwe na chombo chako, na usichelewe.

Nikapiga hesabu kama mhandisi. Randi 1,800 inatoka kwenye bima, baiskeli inafanya kazi miezi mitatu, hela inarudi, bima inalipwa mwezi wa saba, mama hajui lolote. Hesabu ilikuwa safi kabisa kwenye karatasi. Nikanunua. Mama alipopiga simu kuuliza, nikamwambia, "Tayari mama, kila kitu kiko sawa."

Na kweli kwa miezi miwili mambo yalikwenda. Acha nieleze kidogo kifaa chenyewe, maana bila hivyo kisa hakitaeleweka. Baiskeli hizi hazina kiki. Unabana leva ya klachi kwenye usukani, unapiga pedali kama baiskeli ya kawaida, ukishapata mwendo unaachia leva. Tairi la nyuma linazungusha injini, injini inakohoa mara mbili tatu, inawaka. Ukifika kwenye taa za barabarani, wenyewe huku wanaziita roboti, unabana tena leva, tairi linasimama na injini inaendelea kunguruma. Kwa hiyo klachi ndiyo kila kitu. Isiposhika, injini inalia na wewe huendi. Isipoachia, tairi na injini vinakuwa kitu kimoja, baiskeli haisukumiki, wala injini huwezi kuiwasha.

Mwezi wa sita mitihani ikaanza. Nikaomba ruhusa kazini wiki tatu. Siku ya kwanza ya mapumziko hayo nikafanya usafi. Nikachukua mpira wa maji wa mwenye nyumba nikaiosha baiskeli yote, na injini nayo nikaipiga maji kwa nguvu mpaka ikang'aa. Nikaiegemeza ukutani uani, nikaifunika turubai, nikaenda kusoma.

Wiki tatu baadaye nikavua turubai, nikabana leva, nikasukuma. Haikwenda. Tairi la nyuma lilikuwa linaburutika, gu, gu, gu, kila mgandamizo wa pistoni nausikia kwenye mikono. Nikabana tena kwa nguvu zaidi. Wapi! Klachi imeganda.

Jioni ile nilitakiwa kurudi kazini. Nikapiga simu nikasema naumwa. Uongo wa pili huo, kama mnahesabu.

Nikaanza ufundi. Kwanza nikafunga leva kwa kamba ikiwa imebanwa, nikaiacha usiku kucha. Wazee wa pikipiki wanajua dawa hiyo: klachi iliyoganda kidogo huachia yenyewe ikibaki imebanwa, halafu asubuhi unaitikisa baiskeli mbele na nyuma. Haikuachia. Nikakaza waya. Ikazidi kuwa ngumu. Siku ya pili nikaamua kufungua. Waya wa klachi unaishia upande wa kushoto wa injini, kwenye kimkono kidogo juu ya kifuniko cha sproketi. Nikasema, tatizo litakuwa hapo. Nikafungua kifuniko, kikatoka na kimkono chake, nyuma yake nikaona tundu katikati ya shafti, na ndani yake kifimbo cha chuma kirefu kama penseli. Nikakichomoa, nikakifuta grisi chafu kwa tambara, nikafuta na mdomo wa tundu, nikakirudisha, nikafunga. Tambara nikalitupa kwenye pipa la taka.

Nikabana leva. Kumbe! Imekuwa laini kama siagi. Nilipiga kelele ya furaha, jirani akachungulia dirishani. Nikasukuma baiskeli. Gu, gu, gu. Tairi bado limekwama vile vile.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Leva inakwenda mpaka mwisho bila shida, lakini klachi haiachii. Nilikaa chini uani pale. Mimi ni yule aliyepata alama nzuri kwenye somo la vipuri vya mitambo. Ningeweza kukukokotolea nguvu ya msuguano kwenye sahani ya klachi kwa fomula, mpaka desimali ya pili. Lakini klachi yenyewe kwa macho sikuwahi kuiona. Nakwambia ukweli, niliona aibu. Na kwa sababu ya aibu sikumwuliza mtu. Karakana ya chuo ilikuwa na mafundi wenye mikono ya dhahabu, nilikuwa napita mlangoni kwao kila siku. Sikuthubutu. Mwanafunzi wa uhandisi akamwulize fundi klachi ya baiskeli? Wiki ikaisha. Kazini wakaniambia nikichelewa zaidi watamchukua mwingine. Wakati huo bima haijalipwa, na kalenda ya kibali inasogea.

Ijumaa nikaenda kuswali msikiti wa Juma, ule mkubwa wa Grey Street, barabara ambayo siku hizi inaitwa Dr Yusuf Dadoo. Baada ya swala nilikaa kwenye kibaraza na kaka mmoja tuliyezoeana, naye akaona vidole vyangu vyeusi kwa grisi. Nikamweleza kijuujuu. Akasema, "Peleka Bayview, Chatsworth. Kuna anko pale anatengeneza mashine za kukata majani. Injini ni ile ile." Durban kila mtu mzima wa kiume huitwa anko, hasa kwenye mitaa ya Wahindi. Na kweli ukifikiri, mashine nyingi za kukata majani na baiskeli yangu ni ndugu, zote zinakunywa petroli ya kuchanganya. Na Durban majani hayaachi kuota.

Jumamosi nikaifungua injini kutoka kwenye fremu, nikaitia kwenye begi la shule. Nikapanda basi la Chatsworth. Mabasi yale ukiyaona utadhani uko Nairobi: rangi, taa, na muziki unaotikisa mbavu. Kondakta akanusa, akaniuliza, "Umebeba nini humo?" Nikasema, "Vitabu." Akaniangalia, akanusa tena, akaniacha. Uongo wa tatu.

Nyumba ya anko niliikuta bila shida, kwa sababu uani kulikuwa na mashine za majani zimepangwa kama mbuzi mnadani. Mzee mweusi, mwembamba, kofia nyeupe kichwani, miwani imefungwa kwa uzi. Nikamsalimia, "Asalaam aleikum." Akaitikia, akaniuliza natoka wapi. Nikasema Tanga, Tanzania, karibu na Zanzibar. Akaweka bisibisi chini.

"Mimi ni Mzanzibari," akasema kwa Kiingereza.

Nikafurahi, nikamimina Kiswahili: Unguja sehemu gani? Mjini au shamba? Akacheka mpaka akakohoa. Hakuelewa hata nusu. Hakuwahi kufika Zanzibar, wala baba yake hakuwahi kufika.

Wengi wetu tunaosoma huku hatuijui habari hii, nami sikuijua mpaka siku hiyo. Kuanzia mwezi wa nane mwaka 1873, meli za kivita za Waingereza zilileta Durban watu waliokombolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa kwenye pwani yetu. Wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji, lakini kwa kuwa walipitishwa Zanzibar wakaitwa Wazanzibari. Hawakurudishwa kwao. Walipewa mikataba ya kufanya kazi kwa walowezi wa Natal, ambao walikuwa wanatafuta vibarua. Baadaye wengi wao walikaa pamoja kule Bluff, mahali panapoitwa Kings Rest, kwenye ardhi iliyoshikwa na wadhamini wa msikiti ule ule wa Grey Street. Wakahifadhi Uislamu wao na Kimakua chao. Ikaja sheria ya makaburu ya mwaka 1950 ya kugawa maeneo kwa rangi, na miaka ya sitini wakahamishwa Bluff wakapelekwa Chatsworth, mtaa uliojengwa kwa ajili ya Wahindi. Kwenye karatasi za serikali, watu hawa weusi waliotoka Afrika Mashariki wakaandikwa "Waasia wengineo". Wajukuu wao bado wako Bayview.

"Kwa hiyo wewe ni mtu wa nyumbani," anko akasema. "Toa mgonjwa wako."

Akaibana injini kwenye jiliwa. Kabla ya kushika spana akaniuliza maswali, kama daktari. Imeanza lini? Ilikuwa inafanya nini kabla? Umeiosha? Umefungua nini? Nikajibu: imeanza tu yenyewe, sikuiosha, sijafungua kitu. Sijui kwa nini nilisema vile. Labda kwa sababu nilishamwambia nasoma uhandisi. Akanyamaza, akaangalia upande wa kushoto wa injini kwa muda mrefu, halafu akageukia upande wa kulia.

Akafungua kifuniko cha kulia, skrubu tano za nyota. Unga mwekundu wa kutu ukamwagika mezani. Nikanyoosha shingo nipulize, akanizuia kwa mkono. "Usipulize kamwe. Hujui pedi hizi zimetengenezwa kwa nini. Zamani waliweka asbesto, vumbi lake linaua." Akafuta kwa tambara lenye maji.

Ndipo nikaiona klachi kwa mara ya kwanza. Kuna gia ndogo kwenye kranki, inazungusha gia kubwa. Ile gia kubwa imejaa vitundu, na kila kitundu kina kipande cha pedi, kama vizibo vya chupa. Gia hiyo imelegea kwenye shafti yake, inaweza kuzunguka peke yake. Kinachoifunga kwenye shafti ni sahani ya chuma ya nje, inayokandamizwa na springi juu ya zile pedi. Katikati kuna nati yenye meno pembeni kama ua, ndiyo inayorekebisha nguvu ya springi. Na ile shafti ina tundu katikati toka kushoto mpaka kulia. Kifimbo kinapita humo. Ukibana leva kule juu, kimkono cha kushoto kinasukuma kifimbo, kifimbo kinasukuma sahani ya kulia itoke nje kidogo tu, hata milimita 2 hazifiki, na gia inakuwa huru. Kwisha! Fomula yangu yote ya darasani ilikuwa inaongelea kitu hiki, na kitu chenyewe kinaenea kiganjani.

"Klachi hii ni kavu," anko akasema. "Haikai kwenye oili. Maji yakiingia, sahani inashika kutu na kutu inaishikiza kwenye pedi. Na hewa ya bahari ya hapa haisubiri. Maji yaliingia humu, kijana." Hakuniuliza tena. Mimi nikaangalia mashine za majani.

Akatoa kiskrubu kidogo kinachofunga nati ya ua, akaweka alama ya chaki, akafungua nati huku akihesabu mizunguko kwa sauti, ili kuirudisha pale pale. Sahani haikutoka. Mimi ningeichokonoa kwa bisibisi. Yeye akachukua nyundo ya mbao akaigonga pembeni polepole, kuzunguka, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya wakwe. Ikaachia. Akalaza msasa laini juu ya kipande cha kioo, akasugua sahani juu yake mpaka kutu ikaisha na uso ukawa mmoja. Pedi akazipitishia msasa kidogo tu. Akafuta kila kitu kwa petroli, akaacha vikauke juani. Grisi akapaka chembe kwenye meno ya gia, na akanionyesha kidole: "Pedi zisiguse grisi hata tone. Zikigusa, haitashika tena."

Wakati vinakauka tukanywa chai. Akaniuliza habari za nyumbani, za Tanga, za bahari. Akataka nimtajie maneno ya Kiswahili, naye akatafuta ya Kimakua yanayofanana nayo, na yalikuwepo. Akaniuliza kama mama yangu yuko hai na kama anajua naendesha chombo hiki. Nikasema ndiyo, yuko hai. Swali la pili sikulijibu.

Tukarudi mezani. Akaunganisha upya, akahesabu mizunguko mpaka alama ya chaki, akafunga kiskrubu. Akakamata kimkono cha kushoto kwa spana akakivuta. Kikaenda chote, laini kabisa. Sahani ya kulia haikutikisika hata kidogo.

Anko hakushangaa. Alivua miwani akaifuta. "Skrubu za upande wa kushoto zina makovu mapya," akasema. "Nimeyaona tangu ulipoitoa kwenye begi. Nilikuwa nasubiri uniambie."

Nilihisi masikio yanawaka moto. Akafungua mwenyewe kifuniko cha kushoto, akachomoa kifimbo, akamulika tundu kwa tochi. "Gololi iko wapi?"

"Gololi gani anko?"

Kumbe kati ya kimkono na kifimbo hukaa gololi moja ya chuma, kipenyo chake kama milimita 8. Ndiyo inayopokea msukumo, ili kifimbo kinachozunguka kisisagane na kile kisichozunguka. Bila gololi kuna pengo, na kimkono kinasukuma hewa. Ndiyo maana leva yangu ilikuwa laini kama siagi. Siku ile nilipochomoa kifimbo, gololi ilitoka ikanata kwenye grisi, grisi ikabaki kwenye tambara, tambara likaenda kwenye pipa. Nilikuwa na ugonjwa mmoja, nikaongeza wa pili kwa mikono yangu mwenyewe, halafu nikawa naficha yote mawili.

Nikasema kila kitu. Mpira wa maji, kamba, waya niliokaza, kifuniko, tambara. Nilipoanza sikuweza kusimama, nikamalizia na hela ya bima. Mzee wa watu hakuniuliza habari ya bima, lakini nikamwambia.

Hakunigombeza. Alifungua kopo la zamani la kakao lililojaa gololi za kila aina, akapima kadhaa kwa kaliper, akaipata inayofaa, akaipaka grisi isidondoke, akairudisha. Kifimbo ndani, kifuniko juu. Akavuta kimkono. Sahani ikatoka kidogo, gia ikazunguka huru chini ya kidole chake. Akaachia, ikashika. Akavuta, ikaachia. Akaniambia nijaribu mwenyewe. Nilijaribu labda mara ishirini.

"Sikiliza," akasema. "Kutengeneza hii ni nusu saa. Umekaa nayo wiki nzima, na hapa umeniongezea saa nyingine, kwa sababu ya aibu. Mtu akiniambia alichogusa, naanzia hapo. Akinificha, naanzia mwanzo kabisa. Mashine haina haja ya kuficha, wewe ndiye unayeificha." Akanitoza randi 40. Nikauliza na gololi je? "Hiyo peleka nyumbani kwetu," akasema, akarudi kwenye mashine zake.

Nilirudi mjini na begi langu. Kondakta alikuwa yule yule. Nikamwambia, "Ni injini." Akasema, "Najua."

Jumapili nikaifunga kwenye fremu, nikaacha uhuru kidogo kwenye waya, kama milimita 2 au 3 kwenye leva, kama alivyonielekeza. Ikawaka. Lakini sikwenda kazini kwanza. Nilikwenda kwenye kibanda cha simu nikanunua kadi nikampigia mama.

"Mama, ile hela ya bima sikulipa bima."

Kimya. Nasikia kelele za Ngamiani nyuma yake, na dakika za kadi zinakatika.

"Ngoja nikae," akasema. Halafu: "Nilijua kuna kitu. Nimekuuliza mara tatu, na mara zote tatu umesema kila kitu kiko sawa. Mtu ambaye kila kitu kiko sawa huwa analalamika, mwanangu. Angalau baridi."

Nikamweleza yote. Alinisema, msidhani hakunisema. Alisema maneno ambayo sitayaandika kwenye gazeti la chama. Baadaye akauliza, "Na hicho kibaiskeli, kinakwenda?" Nikasema kinakwenda. "Basi fanya kazi. Kila Jumamosi unaniambia umepata kiasi gani na umeweka kiasi gani. Mimi nitaongeza kitakachopungua. Lakini uniambie ukweli, hata kama ni sifuri."

Kuna Jumamosi ilikuwa sifuri, na nikamwambia. Mwezi wa saba haukutosha. Mama akaomba akopeshwe na kikundi chao cha upatu, jambo ambalo lingewezekana mwezi wa tatu kama ningesema tangu mwanzo. Bima ililipwa katikati ya mwezi wa nane, kibali kikiwa na siku kumi na moja mkononi. Nilibaki chuoni. Nawajua wenzangu wawili ambao hawakubaki, na hawakushindwa masomo. Walikuwa na jambo dogo ambalo lingetengenezeka, wakalificha mpaka likawa kubwa.

Ndugu msomaji mgeni, sisi tunaotoka nyumbani na baraka za ukoo mzima tuna ugonjwa huu. Tukiulizwa tunasema niko poa. Tukikwama tunajifungia chumbani. Tukibeba boksi tunasema tuko ofisini. Tunaogopa kwamba walioko nyumbani wataumia, au hapa watatucheka. Nakuambia kama aliyepitia: ukikwama, mtafute mtu mapema, awe mwalimu, fundi, mwenzio wa chama, au mama yako, na umweleze yote uliyogusa, hasa yale uliyoyaharibu mwenyewe. Na klachi kavu usiioshe kwa mpira wa maji.

Bayview nilirudi mara nyingi. Mara ya kwanza nilimpelekea anko karafuu na kikoi kutoka nyumbani. Kikoi alikivaa hapo hapo juu ya suruali.

Baiskeli niliiuza mwaka 2009, nilipomaliza, kwa kijana mmoja wa Mombasa aliyekuja kusoma. Kabla hajatoa hela nilimpa karatasi. Niliandika kila nilichofungua, tarehe, na nilichokosea. Mstari wa tatu unasema: upande wa kushoto kuna gololi moja, ukichomoa kifimbo itanata kwenye grisi, usitupe tambara kabla hujaiona.

Alisoma, akasema, "Kaka, mbona unaniambia ubaya wote? Ningeweza kukupunguzia bei."

Nikamwambia apunguze. Akapunguza randi 100, tukapeana mikono.